Majani ya mhina na maganda ya korosho katika kuzuia chuma kisilike: je, yanafaa nje ya maabara?

Binti_Mikindani aliuliza:

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari za leo.

Ninasoma kemia ya viwandani, mwaka wa mwisho, na nimechagua kufanya mradi kuhusu viziduo vya mimea, yaani maji yaliyobeba vitu vilivyotoka ndani ya jani au gome, vinavyoweza kupunguza ulikaji wa chuma. Nimezaliwa Mikindani, ambako bati linaloelekea baharini huanza kutoka madoa mekundu kabla mwenye nyumba hajamaliza kulipa deni la fundi, kwa hiyo jambo hili sikulikuta vitabuni tu. Nilikusudia kutumia majani ya mhina, kwa kuwa mti wake upo uani kwetu, na pengine mwarobaini na mafuta ya maganda ya korosho, ambayo Mtwara hayakosekani.

Kinachonitatiza ni kwamba makala nilizosoma zinafanana mno. Mtafiti anakausha majani, anayasaga, anayachemsha, anatumbukiza vipande vya chuma katika asidi haidrokloriki ya moli 1 kwa lita, kisha anaandika kuwa ulikaji umepungua kwa asilimia 90 au karibu na hapo. Kila mmea unaonekana kufaulu: papai, mlonge, vitunguu saumu, maganda ya machungwa, maganda ya embe, hata mashapo ya kahawa. Msimamizi wangu aliposoma pendekezo langu aliniuliza swali moja tu: kama kila jani linafaa, kwa nini viwanda havichemshi majani? Sikuwa na jibu, na nililala na swali hilo siku mbili.

Naomba kuelimishwa. Kwanza, matokeo hayo ni ya kweli au yana kasoro ambayo mwanafunzi hawezi kuiona? Pili, kiziduo kikishathibitika maabarani, je, kinaweza kutiwa katika tangi la maji la chuma au katika zege ili kulinda nondo? Tatu, chuoni kwetu kifaa cha kupima ulikaji kwa umeme kimeharibika. Je, mradi unaweza kusimama kwa mizani na birika za kioo peke yake?

Mzee_wa_Zinki alijibu:

Marahaba binti yangu. Swali la msimamizi wako ni zuri, lakini naye kalikuza kidogo, kwa sababu viwanda vimetumia vitu vya mimea kwa muda mrefu. Ila havikutumia jani lililochemshwa asubuhi na kumwagwa jioni.

Nimefanya kazi zaidi ya miaka ishirini katika kiwanda kinachochovya mabomba na nguzo za chuma katika zinki, na muda mwingi nilikuwa upande wa tindikali. Chuma kinapofika kiwandani kina magamba meusi yaliyotokana na moto wa kukifinyanga, tena kina kutu ya njiani. Zinki iliyoyeyuka, ambayo huwekwa kwenye joto la takriban nyuzi 450, haishiki juu ya uchafu huo, kwa hiyo chuma hupitishwa kwanza katika tangi la asidi. Asidi haijui kuchagua: huyeyusha magamba, na ikishamaliza pale yalipokuwa membamba huanza kula chuma chenyewe wakati upande mwingine bado mchafu. Hapo ndipo mapovu ya haidrojeni yanapopanda na kubeba ukungu wa asidi unaowakohoza watu, asidi inaisha nguvu bure, na baadhi ya haidrojeni huingia ndani ya vyuma vigumu na kuvifanya vivunjike kama kigae. Kizuia ulikaji hutiwa katika tangi hilo, kwa kiasi kidogo sana, ili asidi iendelee kula magamba lakini isikimbilie chuma.

Sasa tazama historia. Mwaka 1895 huko Uingereza ilitolewa hataza ya kutia molasi na mafuta ya mimea katika asidi ya kuoshea mabati ya chuma. Katika miaka ya 1930 kiziduo cha mmea wa Ulaya uitwao Chelidonium majus kilitumika katika matangi ya asidi salfuriki. Na hata leo, vizuia ulikaji vingi vinavyosukumwa ndani ya mabomba ya mafuta na gesi ni vya kundi la imidazolini, ambavyo hutengenezwa kwa asidi za mafuta zinazobaki viwanda vya karatasi vinapopika magogo ya misonobari. Mti umo humo, ila umepita mikononi mwa wanakemia na ukageuzwa kuwa kitu kimoja kinachojulikana, chenye kipimo kimoja leo na mwaka kesho.

Hapo ndipo jani la uani linaposhindwa. Nitakupa kisa. Mtu mmoja alituletea pipa la maji ya majani, akatuonyesha katika ndoo, na kwa kweli mapovu yalipungua mbele ya macho yetu. Tulilitia katika tangi dogo. Siku ya nne maji yaliyobaki katika pipa yalikuwa yamevunda, yana utando juu, na mabomba yaliyotoka katika zinki yalikuwa na mabaka meusi ambayo zinki haikuyashika, kwa kuwa utando ule uliozuia asidi haukutoka kwa kuoshwa na maji ya kawaida. Tulirudia kazi nzima. Meneja alitukataza hata kutaja majani mbele yake, na sikumlaumu.

Kwa hiyo ukitaka mradi utakaosomwa na mtu wa kiwandani, usiishie kwenye asilimia. Jibu maswali haya: kinakaa siku ngapi kabla ya kuoza, kinaoshekaje, na kinafanyaje kazi katika asidi iliyokwisha kutumika? Asidi ya maabara ni safi kama maji ya mvua. Yetu hufika gramu 100 na zaidi za chuma kilichoyeyuka katika kila lita kabla hatujaitupa, na bado tunataka kizuia chetu kifanye kazi siku hiyo ya mwisho kama siku ya kwanza.

Mwalimu_wa_Maabara alijibu:

Mzee amesema yaliyo muhimu kuliko yote, nami nitaongeza upande wa sababu na upimaji.

Kwanza tuelewane katika jina. Ndani ya asidi kali hakuna kutu. Kutu ni zao la chuma, maji na oksijeni. Katika asidi chuma huyeyuka tu na kwenda zake, ndiyo maana napendelea neno ulikaji. Mahali fulani juu ya uso wa chuma, atomi zinaondoka na kuacha elektroni zao. Mahali pengine ioni za haidrojeni zinazipokea elektroni hizo na kuwa gesi. Kazi hizi mbili huenda sambamba, na ukizuia moja unaichelewesha nyingine. Molekuli za mimea kama tanini, flavonoidi na alkaloidi zina atomi za oksijeni au nitrojeni pamoja na pete za kaboni zenye elektroni za kugawana, na hizo ndizo zinazozishikisha juu ya chuma. Katika asidi haidrokloriki kuna msaada wa ziada: ioni za kloridi hutangulia kukaa juu ya chuma na kukipa uso wenye chaji hasi, kisha molekuli zilizopokea haidrojeni na kuwa na chaji chanya huvutwa juu yake. Ndiyo sababu kiziduo kilekile mara nyingi hufanya vizuri zaidi humo kuliko katika asidi salfuriki, na wewe ukipima asidi moja usiandike hitimisho la zote mbili.

Mhina una lawsoni, ile rangi inayoshika kucha za bibi harusi hadi ikatike na ukucha wenyewe. Mshiko wa hina juu ya ukucha si uleule wa juu ya chuma, wala usiutumie kama hoja. Lakini jani hilo lina pia tanini, asidi galiki na sukari, na tatizo lako la kisayansi litakuwa kujua ni nani kati yao anayefanya kazi. Kama uwezo wa chuo unaruhusu, nunua lawsoni safi na asidi taniki safi kwa kiasi kidogo, uvipime kando ya kiziduo. Mradi unaosema "jani linazuia" umeshaandikwa mara nyingi. Unaosema nani ndani ya jani anazuia bado una nafasi.

Sasa kuhusu kila mmea kufaulu. Sidhani kwamba watafiti wanadanganya. Karibu kila mmea una polifenoli (kundi ambalo tanini na flavonoidi zimo) za aina fulani, na kipimo cha moli 1 kwa lita ni kipimo chenye huruma, kwa kuwa chuma kisicholindwa humo kinalika kwa kasi kubwa mno, na kupunguza kitu kikubwa kwa asilimia kubwa si kazi ngumu. Chukua mfano wa kubuni. Una kipande cha sentimita 4 kwa 3, unene sentimita 0.2, chenye eneo lote la sentimita za mraba 26.8. Tuseme kwa saa 24 bila kizuia kimepoteza gramu 0.536, na chenye kizuia kimepoteza gramu 0.067. Toa cha pili katika cha kwanza, gawa kwa cha kwanza, zidisha kwa 100: ufanisi ni asilimia 87.5, na mwanafunzi anashangilia. Lakini geuza uzito kuwa kina, kwa kuzidisha gramu kwa 87,600 na kugawa kwa zao la eneo, saa na uzito mahususi wa chuma, ambao ni gramu 7.86 kwa sentimita ya ujazo. Kisicholindwa kinalika milimita 9.29 kwa mwaka. Kilicholindwa, milimita 1.16. Ukuta wa tangi wenye milimita 3 ungetoboka kabla ya mwaka wa tatu kwisha, pamoja na asilimia yako nzuri. Kwa bomba linalokaa katika asidi dakika ishirini kiwango hicho hakina neno. Kwa chombo kinachokaa humo maisha yake yote, ni hasara. Andika namba zote mbili kila mara, na msomaji ataona mwenyewe.

Hili linanipeleka kwenye swali lako la pili, na jibu langu ni hapana, kwa sababu tofauti kwa kila kimoja. Zege zuri lina pH ya 12.5 hadi 13, na katika hali hiyo nondo hujivika utando wake mwembamba unaoilinda. Adui ni kloridi ya chumvi inayopenya na kuutoboa utando huo. Kipimo cha asidi hakikuambii chochote juu ya mazingira hayo. Zaidi ya hayo viziduo vingi vina sukari, na sukari, hata kiasi cha asilimia 0.05 ya uzito wa saruji, huchelewesha saruji kushika. Ukizidisha unaweza kukuta zege lako asubuhi bado ni uji. Wanaolinda nondo kwa kemikali hutumia zaidi naitraiti ya kalsiamu, na kabla ya hiyo husisitiza zege zito na unene wa kutosha juu ya nondo. Ama tangi la maji ya kunywa, ukilitia maji ya majani umewaandalia bakteria chakula, na wapo bakteria ambao wenyewe husababisha chuma kulika. Tena maji yatakuwa na rangi ya chai. Acha kabisa.

Kifaa cha umeme kisikutie hofu. Mizani inayosoma hadi gramu 0.0001 inatosha kwa sehemu kubwa ya kazi, alimradi uwe mwangalifu kupita kiasi. Sugua vipande kwa msasa kuanzia mkwaruzo mkubwa hadi mdogo, osha kwa maji yaliyokenekwa kisha asetoni, kausha, pima, vitundike kwa uzi wa nailoni visigusane wala visiguse kioo. Vipande vitatu kwa kila kipimo, kamwe si kimoja. Nyongeza ambayo wengi huisahau ni kukusanya gesi: kila moli ya chuma iliyoyeyuka inatoa moli moja ya haidrojeni, kwa hiyo gramu 0.536 za mfano wetu zingetoa takriban mililita 235 kwenye nyuzi 25. Bureti, yaani bomba la kioo lenye alama za mililita, ikipinduliwa ndani ya maji inakupa namba ya pili isiyotegemea mizani, na zikikubaliana hakuna mtahini atakayekusumbua. Pima pia kwenye nyuzi 30, 40, 50 na 60. Ufanisi ukishuka joto linapopanda, molekuli zimekaa juu ya chuma kwa mvuto dhaifu tu na zinaachia. Hilo ni habari mbaya kwa matangi ya asidi salfuriki, ambayo kwa kawaida hupashwa moto.

Jambo la mwisho, nalo limenichosha kusahihisha. Wanafunzi huchora mstari wa Langmuir, ule unaoonyesha molekuli zinavyojaza uso wa chuma kadiri kiasi cha kizuia kinavyoongezeka, wakapata nishati huru ya kunata katika kilojuli kwa moli, kisha wakatangaza kuwa mshiko ni wa kimwili kwa sababu namba iko karibu na hasi 20, au wa kikemia kwa kuwa iko karibu na hasi 40. Moli ya nini? Kiziduo ghafi ni mchanganyiko wa vitu visivyojulikana idadi. Hakina uzito wa moli. Chora mstari huo kwa gramu kwa lita ukipenda, onyesha kama umenyooka, uishie hapo.

Fundi_wa_Kilindini alijibu:

Nawasalimu kutoka Mombasa. Mimi si mwanakemia, bali ni fundi wa vyombo vya baharini, lakini nimeona mazungumzo yote yamekaa ndani ya asidi ilhali dada ameanza na bati la pwani. Naomba niseme tunayoyaona huku.

Tanini tunaitumia, ila si kwa kuitia majini. Tunanunua unga wa gome la muwati, uleule wanaotumia watengenezaji wa ngozi, tunaukoroga katika maji ya uvuguvugu pamoja na asidi fosforiki kidogo, tunapaka kwa brashi juu ya chuma chenye kutu. Baada ya saa chache wekundu unageuka kuwa weusi wa kibuluu, kwa sababu tanini imeungana na chuma cha ndani ya kutu na kufanya kitu kigumu kisichoyeyuka kwa urahisi. Muwati si mti wa kwetu kwa asili, ulitoka Australia, lakini umelimwa kwa wingi nyanda za juu za Kenya na huko kwenu Njombe, na gome lake ni bidhaa inayouzwa kwa magunia yenye kipimo kinachojulikana. Nadhani hilo linajibu lile lalamiko la Mzee kuhusu jani la leo kutofanana na la kesho.

Hata hivyo nina masharti matatu niliyoyapata kwa hasara. Kutu inayobanduka lazima ikwanguliwe kwanza, maana tanini haiwezi kuishikilia ganda ambalo lenyewe limeshaachana na chuma. Chumvi lazima ioshwe kwa maji matamu, mara mbili au tatu, kwa kuwa ikibaki chini ya weusi ule itaendelea na kazi yake gizani. Na juu yake lazima ipakwe rangi, kwani weusi peke yake hauvumilii msimu mmoja wa kusi. Mtu akikuambia kwamba amepaka dawa ya majani na hahitaji rangi, muulize chombo chake kinaelea wapi.

Wazee wetu walichemsha magome ya mkoko na kuchovya nyavu na matanga ili yasioze, kwa hiyo wazo la tanini pwani si geni. Wanasayansi wa Malaysia wamepima tanini ya mikoko juu ya chuma pia. Lakini tafadhali, dada, usiende kukata mikoko kwa ajili ya mradi. Misitu ile inalindwa kwa sheria na ndiyo mazalio ya samaki wetu. Kizuia kutu kinachoua pwani hakina haki ya kuitwa rafiki wa mazingira.

Binti_Mikindani alijibu:

Ninawashukuru wote, na ninakiri kwamba nimelazimika kufuta nusu ya pendekezo langu, jambo ambalo nadhani lilikuwa la lazima.

Naona sasa kwamba nilianza na jani kisha nikatafuta mahali pa kulipeleka, ilhali ilinipasa kuanza na chuma kilipo na kimezama katika nini. Nimeamua kubaki na asidi ya kuoshea chuma kabla ya zinki. Nitapima mhina na tanini ya muwati ya dukani bega kwa bega, nikiweka na heksamini, kizuia cha kutengenezwa viwandani, kama kipimo cha kulinganisha, kwanza katika asidi safi na kisha katika asidi iliyokwisha kutumika.

Yamebaki mawili. Mafuta ya maganda ya korosho bado yananivuta, kwa sababu korosho nyingi za kwetu husafirishwa zikiwa ghafi na pale zinapobanguliwa maganda huwa mzigo. Takriban robo ya uzito wa ganda ni mafuta, na shangazi zangu waliobangua kwa mikono wanayo makovu ya kuonyesha ukali wake. Je, niyaache? Na la pili, msimamizi anapendekeza nitumie methanoli kuzidua majani kwa kuwa inatoa vitu vingi zaidi kuliko maji. Ninaona tabu kuita kitu hicho salama kwa mazingira.

Mwalimu_wa_Maabara alijibu:

Tabu yako ni ya haki. Methanoli ni sumu, inapofusha, na ukiitumia lita kumi kupata gramu mia za kiziduo huwezi kusimama mbele ya watu na kusema umeepuka kemikali kwa sababu tu kuna jani katikati. Vizuia vya kromati vilikataliwa kwa sababu kromiamu yake husababisha saratani. Tusiwakimbize watu kutoka hatari moja na kuwaweka katika nyingine. Tumia maji ya nyuzi 60 hadi 80, au maji yaliyochanganywa na ethanoli, ambayo huku kwetu inapatikana kutokana na molasi ya viwanda vya sukari. Mavuno yatapungua kidogo, na utaandika hivyo bila aibu. Watafiti wa Rio de Janeiro walipopima maganda ya embe na machungwa mwaka 2010 walitumia maji, na bado walipata cha kuandika.

Mafuta ya korosho usiyaache, lakini usiyatie katika mradi huu. Asidi anakadiki, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta yasiyopashwa moto, na kadanoli, ambayo hupatikana asidi hiyo ikishapikwa na kupoteza kaboni dayoksaidi, zina kichwa kinachopenda chuma na mkia mrefu unaochukia maji. Umbo hilo ni zuri sana kwa kizuia ulikaji. Tatizo ni kwamba haziyeyuki katika asidi ya maji. Zitaelea juu kama mafuta ya nazi juu ya mchuzi uliopoa, nawe utapima bahati badala ya kemia. Mahali pake ni ndani ya mabomba ya mafuta au ndani ya rangi, na ili ziingie majini inabidi zibadilishwe kikemia kwanza. Huo ni mradi wa shahada ya pili. Ukifika huko vaa glavu, kwa heshima ya mikono ya shangazi zako.

Mzee_wa_Zinki alijibu:

Nimefurahi kwamba asidi iliyotumika imeingia katika mpango. Angalia jambo moja humo: chuma kilichoyeyuka kikipata hewa, sehemu yake hugeuka kutoka chaji mbili kwenda chaji tatu, na hicho cha chaji tatu chenyewe hula chuma, atomi moja kwa kila ioni mbili, bila kutoa povu hata moja. Kwa hiyo bureti yako ya gesi itasema kumetulia huku mizani ikisema kunalika. Usidhani umekosea, tofauti ya namba hizo mbili ndiyo itakayokuonyesha ni kiasi gani kinaliwa kwa njia hiyo, na sijaona mwanafunzi aliyeipima kwa kusudi. Ukiona kizuia chako kinapunguza gesi lakini hakipunguzi uzito unaopotea, umepata sababu ya kweli inayofanya vitu vya ndoo vishindwe katika tangi.

Kuhusu kuoshwa, fanya hivi. Baada ya kutoa kipande katika asidi yenye kiziduo, kisuuze kwa maji ya bomba kwa nusu dakika, kishike wima, utazame maji yanavyoshuka. Yakitandaa kama kioo kisichokatika, uso ni safi. Yakikusanyika kuwa matone na kuacha mahali pakavu, utando upo bado na zinki haitashika hapo. Kipimo hiki hakina gharama na kila msimamizi wa zamu anakijua.

Asidi ukipewa na kiwanda chochote, ibebe katika dumu la plastiki lisilojazwa hadi mdomoni, isikae juani, na kazi ikiisha usiimwage mtaroni. Itie chokaa polepole hadi pH ifike kati ya 8 na 9, matope ya chuma yatue, ndipo uulize wa maabara wapeleke wapi.

Binti_Mikindani alijibu:

Nimeelewa, Mzee, na nimeandika kipimo cha maji yanayotandaa katika daftari. Nimechemsha majani ya kwanza juzi ili kuona rangi tu, na leo asubuhi chupa iliyobaki mezani tayari ina harufu niliyosimuliwa. Je, niitunze katika jokofu?

Mwalimu_wa_Maabara alijibu:

Jokofu litakupa siku chache tu. Kausha kiziduo chote mara moja kwenye nyuzi 50 hadi kiwe unga, ukihifadhi katika chupa kavu yenye kifuniko kinachobana, na kila asubuhi ya kazi upime gramu unazohitaji na kuziyeyusha upya. Hapo ndipo utakapoweza kuandika gramu kwa lita kwa uhakika, badala ya kuandika mililita za maji ya majani, ambazo hakuna mtu mwingine anayeweza kuzirudia. Ile chupa ya mezani usiitupe: tia kipande kimoja cha chuma katika asidi yenye maji hayo yaliyovunda, kingine katika asidi yenye kiziduo kipya cha kiasi kilekile, upime vyote viwili kesho.